Mlango wa Gari la Mikate

S.L.P. 417,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa mwanangu Kalamu,

Salamu kwanza. Hujambo wewe, hajambo mkeo, hawajambo wale mapacha? Lile jino umeling'oa, au bado unalibembeleza kwa vidonge? Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Goti langu la kushoto limekubali kupanda ngazi mara mbili kwa siku, ya tatu linagoma. Mama yenu anakula vizuri na kila jioni anauliza kama umepiga simu. Nimekusalimu kwa utaratibu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na kwa sababu nikianza na yaliyo moyoni utaikunja barua hii kabla ya kufika katikati. Usiikunje.

Watu wengi wakisikia kwamba aliyekosa na aliyekosewa watakalishwa chumba kimoja wazungumze, hukosea jambo moja: hudhani wanakwenda kuombana msamaha. Mmoja atasema samahani, mwingine atasema yameisha, watapeana mikono, kila mtu aende zake. Mimi niliyefundisha biolojia miaka thelathini na mmoja nilidhani hivyohivyo. Wewe pia ulidhani hivyo, ndiyo maana ukamwandikia mdogo wako ile karatasi.

Basi niruhusu nikueleze, kama nilivyokuwa nikikueleza hesabu ulipokuwa darasa la nne na unanuna. Mahakama huuliza sheria gani imevunjwa, nani kaivunja, apewe adhabu gani. Yule aliyeumia huitwa pale kama shahidi tu. Anajibu anachoulizwa, kisha anaambiwa akae. Hakuna anayemuuliza yeye anataka kujua nini. Kikao hiki cha usuluhishi kimewekwa kwa ajili hiyo. Aliyeumia ndiye anayeuliza, na aliyeumiza anajibu. Msamaha ukija, umekuja. Usipokuja, kikao hakijaharibika. Kinaharibika majibu yasipokuja.

Chetu kiliharibika Alhamisi iliyopita. Ninakuandikia kwa hasira, na hasira hiyo ni yako.

Nianze na chumba, maana hukuwepo. Kiko juu ya ofisi ya maji, zamani kilikuwa stoo ya mafaili. Rafu bado zimesimama ukutani, tupu. Kuna viti vitano vya aina moja, mduara, bila meza. Msuluhishi alivipima kwa macho asije mmoja akakaa juu kuliko mwenzake. Dirisha linatazama uwanja wa mafundi matairi, na kila baada ya muda nyundo inagonga rimu, watu wanashtuka, kisha wanajifanya hawakushtuka.

Huyo msuluhishi ni mkunga mstaafu. Mwanamke mfupi, viatu vya raba, haandiki kitu watu wanapozungumza. Nilimwuliza alitokaje wodi ya wazazi mpaka huku. Akaniambia hajatoka, kote ni kusubiri, na kutomvuta mtu kabla ya wakati wake. Alikuwa amekutana na mdogo wako Mrefu peke yake mara tatu, na yule mama mara nne, kabla ya kuwaweka pamoja. Masharti yake ni machache. Hakuna anayelazimishwa. Yeyote anaweza kunyanyuka akaondoka. Mtu hakatizwi. Na kinachosemwa mle hakitoki, isipokuwa kile ambacho pande zote mbili zimekubali kiandikwe na kutiwa sahihi.

Upande wetu tulikaa mimi na Mrefu. Upande wa pili alikaa yule mama aliyegongwa na gari la mikate alilokuwa anaendesha Mrefu, pamoja na kaka yake mkubwa. Kaka huyo ni fundi wa kuchomelea vyuma, mikono yake yote ina madoa ya moto, na tangu aingie alikuwa anamtazama Mrefu kama chuma kinachohitaji kukatwa. Mama mwenyewe ni mfamasia wa hospitali. Umri wake unakaribia hamsini. Anatembea kwa fimbo, ila fimbo haimsumbui sana. Aliniambia mguu ni mguu.

Mrefu akatoa karatasi yako mfukoni. Alikuwa ameikunja mara nne, na ameibeba siku nyingi hata mikunjo imeanza kuchanika. Akasoma. "Nimesikitishwa sana na tukio la asubuhi ile na maumivu uliyoyapata. Kutokana na hali ya barabara sikuweza kutambua kwamba kulikuwa na mtu. Natumaini kwamba kwa pamoja tutaweza kulifunga jambo hili." Na kuendelea, ukurasa mzima. Anasoma vizuri yule kijana, unajua. Sauti yake ni ya baba yenu kabisa.

Fundi akauliza, bila kupaza sauti, "Huyu anatusomea taarifa ya habari?"

Msuluhishi akainua kidole kimoja. Fundi akakunja mikono. Mfamasia alikuwa amefumba macho, akakaa hivyo mpaka karatasi ikaisha. Kisha akamwuliza Mrefu kama amemaliza. Mrefu akasema amemaliza, mama.

"Ulifungua mlango wa gari?"

Swali lenyewe lilikuwa hilo tu, maneno manne. Na mdogo wako, Kalamu, akaigeuza karatasi akatazama nyuma yake. Niliona kwa macho yangu. Alitafuta jibu upande wa pili wa karatasi, na upande wa pili ulikuwa mweupe. Akasema hakumbuki.

"Mimi nakumbuka," mama yule akasema. "Ndiyo shida yangu."

Sasa nikueleze shida yake, kwa sababu katika karatasi yako nzima haimo, na wewe unayeshughulikia madai ya bima nadhani hukuona haja ya kuiuliza.

Asubuhi ile, miezi kumi na minne iliyopita, saa kumi na mbili na jua limeshatoka, alikuwa anakwenda zamu kwa njia ya nyuma ya ukuta wa hospitali. Gari likamgonga kwa ubavu, akaanguka, kichwa kikapiga ukingo wa mtaro. Akalala pale nusu saa, hadi mfagiaji wa barabara alipomkuta. Polisi walilipata gari kwa kioo cha pembeni kilichobaki barabarani. Mrefu akakiri kosa la kuendesha bila uangalifu; akaandika katika maelezo yake kwamba alidhani amegonga pipa la taka, hakusimama, hakushuka. Hayo wewe unayajua kuliko mimi.

Mama yule alipozinduka hospitalini alisimulia mambo mengine. Alisema gari lilisimama. Mlango ulifunguliwa, ule mlango wa kusukuma pembeni, unakwaruza. Alisikia hatua mbili tatu. Akasikia mwanamume anasema, "Yuko chini. Nifanye nini?" Pakawa kimya kidogo. Halafu yule mwanamume akasema, "Sawa, kaka." Mlango ukakwaruza tena, gari likaondoka.

Polisi wakatafuta huyo kaka. Kiwanda cha mikate kikathibitisha kwamba dereva alikuwa peke yake garini. Kwa kuwa Mrefu alikwisha kukiri, hakuna aliyesumbuka kuuliza habari za simu. Wakahitimisha kwamba mama wa watu amesikia mtu ambaye hakuwepo. Daktari akaandika kwenye faili lake kwamba baada ya kuumia kichwa, mgonjwa anasimulia kwa uhakika mambo ambayo hayakutokea.

Fikiri, Kalamu. Mtu ambaye kazi yake ni kutazama karatasi ya daktari na kusema kipimo hiki ni kikubwa mno kwa mtoto huyu. Faili lake sasa linasema akili yake inatunga. Nani atamrudisha kwenye dirisha la kutolea dawa? Hawakumfukuza, ni watu waungwana. Wamemweka chumba cha nyuma, anabandika lebo kwenye chupa, na kila boksi analomaliza linakaguliwa na mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Jopo la madaktari litakaa Jumatatu ijayo kuamua kama atarudi kazini au ataachishwa moja kwa moja kwa sababu ya afya.

Hilo lingetosha. Lakini alisema jingine, na hilo ndilo linaloniwasha. Alisema sasa hajiamini hata nyumbani. Anazima jiko, anatoka, anarudi kulitazama, anatoka, anarudi tena. Anajua alimzika mama yake mwaka wa mvua nyingi, halafu anajiuliza kama kweli mvua ilinyesha. Kama ule mlango haukufunguliwa, alisema, basi hajui kitu kingine chochote anachokijua kimesimama juu ya nini.

Akamgeukia Mrefu. Hakulia. Nitayaandika maneno yake kama yalivyotoka, maana niliyarudia moyoni njia nzima ya kurudi nyumbani.

"Sikuja kutafuta pole. Pole nimepewa na kila mtu, hata aliyenitoa dirishani alinipa pole. Nimekuja kuuliza kama nina akili timamu, na wewe peke yako ndiye unayejua."

Mrefu alikuwa anatazama viatu vyake. Nyundo ya mafundi matairi ikagonga, hakuna aliyeshtuka. Mama akachukua fimbo yake akanyanyuka. Msuluhishi akamwuliza kama yuko tayari kurudi siku nyingine. Akasema atarudi mara moja tu, Ijumaa hii, na kijana asije na karatasi. Fundi akapita mbele yetu, akasema, "Mwandishi wenu msalimieni."

Hakujua alivyolenga.

Mimi nilibaki kwenye kiti. Nilishasikia habari za hiyo sauti mapema, kwa juujuu, kama watu wanavyosimulia. Siku ile ndiyo nilisikia maneno yenyewe kutoka kinywani mwa aliyeyasikia. Sawa, kaka. Watu huitana kaka ovyo siku hizi, sokoni, kituo cha basi, kila mtu kaka. Mrefu hana tabia hiyo. Wenzake anawaita kwa majina ya utani, wakubwa anawaita mzee, mafundi anawaita fundi. Tangu ajue kusema, kaka ni mmoja.

Sikumwuliza kitu siku ile. Nilimpa nafasi kama msuluhishi anavyotoa nafasi. Jumapili alikuja kunirekebishia bawaba ya kabati la jikoni. Leseni amenyang'anywa, sasa anaosha trei pale kiwandani, na mikono yake inaukosa usukani, basi akipata bisibisi anashukuru. Alikuwa amepiga magoti, kichwa ndani ya kabati, nadhani ilimsaidia kwamba siuoni uso wake.

"Shangazi, nilishuka."

Nikaendelea kumenya viazi.

"Nilimwona. Alikuwa anatazama juu, macho wazi. Kiatu kimoja kilikuwa mbali, karibu na ukuta. Nilitaka kumwokotea kiatu."

Nikamwuliza alimpigia nani simu. Akakaza skrubu. Nikamwambia, Mrefu, ninakuuliza.

"Unajua, shangazi."

Halafu akaeleza yote, bisibisi mkononi, kwa sauti ya chini. Kwamba wewe ulipokea mara ya kwanza tu simu ilipolia. Kwamba ulimwuliza kama kuna mtu anayeona, akasema hapana. Kwamba ukamwambia: "Ondoka hapo, usiguse kitu, yupo atakayemwona." Akasema sawa, kaka. Saa mbili baadaye ukampigia tena, ukamfundisha habari ya pipa.

Nikamwuliza kwa nini hakuyasema Alhamisi. Akatoa kichwa kabatini. Alikuwa analia, mwanamume wa miaka ishirini na saba, vumbi la mbao kwenye nyusi. Akasema wewe ndiye uliyemlea yeye tangu baba yenu alipofariki. Wewe ndiye uliyemvusha barabara kwenda shule. Hawezi kukutaja mbele ya watu mpaka wewe mwenyewe umruhusu, na anaogopa kukuuliza.

Basi hapo ndipo tulipofika, Kalamu. Nimekupigia simu mara sita tangu Jumapili. Inaita mpaka inakata. Nadhani unajua ninachotaka, ndiyo maana hupokei, na hilo peke yake limeniambia mengi.

Niseme ya haki kwanza, kwa sababu nimezoea kusahihisha kwa haki hata nikiwa nimekasirika. Mtu akipigiwa simu asubuhi na mapema na mdogo wake anayetetemeka, hana muda wa kufikiri. Wewe kazi yako kila siku ni kuwaambia watu wasikiri kitu, wasiguse kitu, waache wenye kazi yao waje. Ulimi ukatoa ulichozoea. Zile sekunde nne nimekusamehe, na nimekusamehe bila wewe kuniomba.

Miezi kumi na minne siwezi.

Mwezi wa pili baada ya ajali nilikueleza kwenye simu kwamba mama wa watu anasema alisikia sauti, na kwamba daktari anadhani kichwa kimeharibika. Unakumbuka ulivyonijibu? Mimi sijagongwa kichwa, nakumbuka. Ulisema, "Kichwa kikipigwa, shangazi, husema lolote." Ukacheka kidogo, ukaniuliza habari za goti. Ulikuwa unajua. Ulijua kwamba neno lile lilisemwa, na ulijua lilisemwa kwako, ukamwacha mwanamke mzima na elimu yake aitwe aliyechanganyikiwa ili usiulizwe swali. Nami nikaibeba kauli yako nikawarudia majirani kama maneno ya mtu msomi. Umenifanya niwe mdomo wako. Kwa hilo nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu ya mtoto yeyote wa ukoo huu, na unajua ukoo huu umenipa sababu nyingi.

Halafu karatasi. Nimeisoma tena jana. Ni kazi safi. Umemsikitikia mama yule mistari kumi na nane, na hakuna mstari hata mmoja ambamo mtu amefanya jambo. Gari halimgongi mtu, mtu halali chini, hakuna anayeondoka. Tukio linatokea lenyewe kama mvua. Ndivyo mnavyowaandikia watu huko ofisini, sivyo? Masikitiko mengi, kukiri hakuna, ili asipate pa kushika. Umeuchukua ufundi wa kazini ukampa mdogo wako akausome mbele ya mtu aliyemwona barabarani. Ulidhani unamlinda. Umemfanya amgonge mara ya pili, safari hii akiwa amekaa kwenye kiti.

Sijioshi mikono. Mrefu alinionyesha karatasi ile siku mbili kabla ya kikao, nami nikaisifu. Nilisema Kalamu ameandika vizuri. Miaka yote ya kusahihisha madaftari nilikuwa naijua kazi ya kunakili kabla sijamaliza ukurasa. Hii niliiacha ikapita kwa sababu ilinakiliwa kutoka kwa mtoto ninayemwonea fahari. Kosa hilo ni langu, nami Ijumaa nitalisema mbele ya mama yule.

Utaniuliza kwa nini mimi nisiseme yote basi, kama nina mdomo. Nimemwuliza msuluhishi, bila kutaja jina wala jambo, nikasema tu tuseme kuna mtu anajua kwa kuambiwa. Akanijibu kwamba jopo haliwezi kulipokea neno la aliyeambiwa tu. Linahitaji neno la aliyekuwepo, kwa hiari yake, lililoandikwa na kutiwa sahihi kwa makubaliano ya pande zote mbili. Mimi nikisimama nikasema, na Mrefu akakana ili kukulinda, mama yule atakuwa amepata nini? Bibi mmoja mwenye goti bovu anayebwabwaja upande wake. Na Mrefu atakuwa amesema uongo mara ya tatu, na nadhani ya tatu haina kurudi.

Najua unachokiogopa. Ofisi yako ikisikia kwamba mtu wa madai alimwambia dereva atoroke, watakuita. Inawezekana na polisi watakuita. Msuluhishi ameeleza kwamba ya chumbani hayapelekwi mahakamani, lakini karatasi ya kwenda kwa jopo ni karatasi, na karatasi hutembea. Sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Iko. Ila ipime vizuri. Wewe unaogopa kupoteza kazi kwa kitu ulichokifanya. Yeye anapoteza ya kwake kwa kitu alichokisikia sawasawa.

Usijaribu kuniletea njia ya katikati. Nakufahamu. Utataka Mrefu aseme alishuka, aseme aliongea na simu, ila asimtaje aliyekuwa upande wa pili. Mama yule alisikia "Sawa, kaka". Akipewa nusu, jopo litasema kumbe alikosea nusu. Anahitaji yote kama alivyoyasikia, na mpangilio wake: mlango, hatua, swali, kimya, jibu, mlango.

Wala usimwandikie tena. Hata mstari mmoja. Ukimwandikia jambo la kweli kwa mkono wako, litatoka kinywani mwake likiwa na harufu ya ofisi yako. Mwache aseme kwa maneno yake mabovu, kwa kigugumizi, kama alivyonisimulia mimi akiwa ndani ya kabati. Kile kiatu, kwa mfano. Wewe usingekiandika kile kiatu.

Barua hii anakuletea muuguzi wa mlango wa pili, anasafiri kesho kuja huko kumwona dada yake. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asiiache mapokezi ya ofisi yako. Hajui kilichomo. Mkaribishe chai, ana safari ndefu.

Habari nyingine ni za kawaida. Mwenye nyumba hatimaye amepaka rangi ngazi, kaipaka ya maziwa, na imekwisha kuwa ya chai. Mama yenu sijamwambia kitu. Akiniuliza Jumamosi nitamwambia, na ningependa sana awe ameyasikia kwako kwanza.

Nisalimie mkeo, na umwambie viatu vya raba alivyoniletea ndivyo vinavyonipandisha ngazi. Wabusu mapacha kila mmoja kivyake, maana najua mnabusu mmoja mkadhani ni wote wawili. Msalimie na mjomba wa mkeo, yule fundi saa. Mungu akupe afya, akupe usingizi wa haki, na akuwekee mikononi kazi ambayo huhitaji kuificha. Ninakuombea hivyo nikiwa nimekukasirikia, na dua ya aliyekasirika nadhani nayo hupokelewa.

Ukiwa unasoma hapa ni Alhamisi. Kikao ni kesho saa nne asubuhi. Mrefu anatoka kazini saa tisa na simu yake iko wazi. Mpigie leo, kabla hujainuka kwenye hicho kiti, umwambie neno hili na usiongeze lingine: "Nitaje."

Ni mimi, shangazi yako,
ninayekupenda bila kukuunga mkono.